Zilizonyoka na Zilizonyooshwa

Perpetua amezikwa Jumamosi, kwao Bungoma, nami nilihudhuria kwa simu, nimeketi kitandani kwangu Al Rayyan na miwani ya kusomea puani, mtandao ukikatika kila mchungaji alipofika penye maana. Walimsifu vizuri, siwezi kulalamika. Walisema alikuwa nguzo ya kanisa, mkali wa kwaya, mtu wa watu. Kisha mchungaji akasema kwamba marehemu aliwahi kufanya kazi Uarabuni "katika hoteli", waombolezaji wakaitikia kwa huzuni, na ibada ikaendelea. Hapo nilikasirika peke yangu mpaka nikaiweka simu kifudifudi. Hoteli! Perpetua hakuwahi kutandika kitanda cha mgeni hata siku moja. Najua ni yeye mwenyewe aliyewapa habari hiyo, kwa sababu aliwahi kuniambia, "Nikifika nyumbani niseme nilikuwa natengeneza risasi, si watanipeleka kwa chifu?" Sasa chifu hana tena la kumfanya, na mimi nimechoka kumsikia akisifiwa kwa mambo madogo. Nilifanya kazi naye mwaka mmoja tu, nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu, na katika miaka yote niliyokaa Doha tangu wakati huo nimeona watu wengi hodari, lakini mwingine wa namna yake sijamwona.

Chumba chetu kilikuwa ndani ya klabu ya kulenga shabaha huko Umm Salal, ukishapita mashamba. Wanachama walikuwa watu wenye nafasi zao, wanaume na wanawake, waliopenda kulala kifudifudi juu ya mkeka na kupiga karatasi iliyosimamishwa umbali wa mita mia tatu. Wengi wao walitosheka na risasi za dukani. Wale waliojiona wameiva walitaka za kujazwa kwa mkono, ganda mojamoja, baruti ikipimwa kwenye mizani, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Perpetua. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mizani katika kiwanda cha sukari kwao, na Doha alikuja kama mfanyakazi wa stoo. Jinsi alivyotoka stoo mpaka akakalia ile meza alinisimulia kwa namna tatu tofauti, na katika zote tatu shujaa ni yeye. Mimi nililetwa kusafisha sakafu. Siku ya kwanza nilimwamkia kama tulivyofunzwa Tanga, "Shikamoo dada," akageuka akanielekezea bisibisi. "Shika nini? Mimi bado kijana, usinizeeshe. Sema habari yako, halafu ulete mikono nione." Nikampa mikono. Akaigeuza, akaipindua, akaminya ncha za vidole kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Hii si mikono ya mopu," akasema. "Nitaongea na mzee wa klabu." Baada ya wiki chache nikawa msaidizi wake, na tangu hapo hakuna aliyepiga deki chumba kile vizuri, maana sote wawili tulijiona mafundi.

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, baridi ya kiyoyozi ikikulenga kisogoni, kimebanana kati ya stoo na majlisi ya wanawake. Ukuta wa upande wa majlisi ulikuwa wa mbao nyembamba tu, kwa hiyo tulisikia mazungumzo yote, na Perpetua alikuwa mkalimani wangu. Kiarabu alikuwa amekiokota jikoni na kwa madereva, na alikizungumza kwa nguvu, kana kwamba sauti ingeziba mapengo ya sarufi. Alijivunia Kiarabu chake kuliko alivyojivunia ufundi wake. Mimi nilikuwa na cha madrasa, cha kusoma zaidi ya kusemea, na kila nilipojaribu kumrekebisha aliniambia, "Hicho chako ni cha mbinguni, mdogo wangu. Sisi bado tuko Umm Salal."

Kazi yenyewe ni hii. Risasi nzima ni ganda la shaba lenye baruti ndani na kichwa kilichochomekwa mdomoni. Kichwa kikikaa upande, hata kwa tofauti isiyofikia unene wa unywele, kitatoka kikiyumba, na karatasi iliyo mbali haina huruma. Jicho haliwezi kuona kosa hilo. Tulikuwa na kijimeza cha chuma chenye vigurudumu pacha. Unailaza risasi juu yake, unaigusisha ncha ya geji kwenye kichwa, halafu unaizungusha taratibu kwa kidole kimoja. Geji ina uso kama wa saa. Mshale ukitulia, risasi imenyoka. Ukienda na kurudi, inayumba. Inayoyumba unaitia alama ya kalamu upande uliobenuka, unaibana kwa wenzo mdogo, unapima tena, mpaka mshale unyamaze. Mara ya kwanza niliponyamazisha mshale mwenyewe niliruka kwa furaha, nikaiweka risasi yangu ndani ya kasha jekundu. Perpetua akaitoa. "Hapana. Geji imenyamaza, lakini umeminya shingo ya ganda. Shingo imelegea, haishiki kichwa vile ilikuwa inashika. Hii sasa ni ya mazoezi." Akaniwekea sheria ya chumba: kasha jekundu ni la zilizonyoka zenyewe, la kijani ni la zilizonyooshwa. "Na usiwahi kuzichanganya, kwa sababu ukishachanganya hata mimi siwezi kukutenganishia. Ukiziweka kwa geji, zote ni mabinti wazuri."

Hakupenda kunyoosha. Wengine kabla yake, kwa jinsi alivyosimulia, walikuwa wakinyoosha tangu asubuhi mpaka jioni na kujisifu kwa kuchoka. Kulikuwa na kipindi ambapo kila risasi tuliyojaza ilitoka imekaa upande, nami nikashika wenzo na kuanza kubana moja baada ya nyingine. Perpetua akaninyang'anya wenzo. Akaifungua mashine ya mkono tuliyojazia maganda, kipande kwa kipande, akavipanga vipande juu ya taulo, na kila kimoja akakiviringisha juu ya kioo cha meza huku ameinamisha sikio kama daktari. Nilimcheka moyoni. Alipofika kwenye kijiti cha chuma kinachopita katikati ya ganda na kutanua shingo yake, kiliviringika kikigonga kioo: tik, tik, tik. "Huyu hapa," akasema, bila hata kuinua uso. Kijiti kilikuwa kimepinda kidogo sana, na kila ganda lililopita juu yake lilitoka na shingo ya upande. Tulibadilisha kijiti na siku ile ile mishale ikatulia. Alinitazama kwa majivuno makubwa, akala kitumbua changu bila kuomba, na kusema kwamba mtu anayenyoosha risasi bila kutafuta kilichoipinda ni sawa na anayepangusa maji huku bomba liko wazi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpaka leo, kazini kwangu hotelini, mashuka yakitoka na madoa siwagombezi wafuaji kabla sijaenda kuangalia mashine, na wasichana wangu hawajui nilikojifunza.

Nyumbani tulikaa vyumba jirani, hapa hapa Al Rayyan, na jiko lilikuwa moja kwa wanawake wa ghorofa nzima. Perpetua alisonga ugali mgumu, mgumu kweli, na aliudharau wali wangu wa nazi. "Nyinyi watu wa tui, ndiyo maana mnaongea polepole hivyo." Lakini sufuria ikifunguliwa alikuwa wa kwanza kuleta sahani. Kabla ya kula aliomba kwa sauti na kwa urefu, akiwataja watu wa kwao mmojammoja, mimi nikisubiri na bismillahi yangu imeshatoka zamani. Nikimtania kwamba Mungu alishasikia, alijibu kwamba Mungu wake anapenda maelezo kamili.

Mkubwa wa klabu tulimwita Abu Nasir, mzee mrefu wa maneno machache, ambaye akikasirika alizidi kuwa mpole. Wapwa zake wawili walikuwa wanachama: Nura, aliyekuwa na jicho la ajabu, na mdogo wake Haya, aliyekuja kwa ajili ya kahawa na picha. Mwaka ule Nura alikuwa anaenda kushindania nafasi katika timu ya klabu, kwenye uwanja wa upande wa Lusail. Siku moja, kupitia ukuta wa mbao, tulisikia Abu Nasir akizungumza na wapwa zake habari zetu. Perpetua aliacha kijiko cha baruti hewani. Mzee alikuwa anasema kwamba chumba hiki kina kazi nyingi kwa faida isiyoonekana. Kwamba risasi za dukani siku hizi ni nzuri. Kwamba mkataba wa yule mama Mkenya unaisha mwezi huo na bado hajautia sahihi. Atangoja shindano. Nura akichaguliwa kwa risasi za chumba hiki, chumba kitabaki na mama atabaki; la sivyo, watafunga na kila mtu arudi kwao. Perpetua alinitafsiria yote bila kupunguza, na safari hii Kiarabu chake hakikukosea hata kidogo. Kisha akamimina baruti. "Sawa," akasema. "Tutamtengenezea huyo msichana risasi mpaka karatasi ilie."

Tulizitengeneza kweli. Kila niliyoipima aliipima tena, na yoyote ambayo mshale wake ulitikisika hata kidogo ilibanwa na kwenda kasha la kijani, la Haya, kwa ajili ya kuchezea. Tulipomaliza, lile jekundu, la Nura, lilikuwa limejaa pomoni na la kijani halikufika hata nusu. Abu Nasir akapiga simu kuuliza kama makasha yako tayari kuchukuliwa na dereva. Perpetua aliweka sauti kubwa ili nami nijifunze. "Tayari, baba, yote mawili," alimwambia kwa Kiarabu. Mzee akajibu kwa upole wake: "Zein. Abiihum sawa, ya Berbetua. Sawa." Akakata.

Perpetua aliketi. "Umesikia? Anazitaka sawa." Nilikuwa nimesikia. Neno lenyewe ni letu, tunalisema mara mia kwa siku, na hata katika Kiarabu changu cha madrasa sawa ni sawa, kitu kulingana na kingine. Tukatazama makasha: moja limejaa, jingine nusu tupu. "Ni wasichana wawili wa dada mmoja," akasema Perpetua polepole. "Anaona mmoja amepewa nyingi na mwingine kidogo. Anataka wagawiwe sawa, wasigombane." Hakuupenda mgawo huo, akasimama, akaketi tena, akampigia mzee naye hakupokea. Nilimwambia tukamuulize Ammu Tayyib, mzee wa Kisudani aliyepika chai ya klabu. Akaniangalia kama nimemtukana. "Mimi nimuulize Kiarabu mtu wa chai? Neno nimelisikia na masikio yangu." Basi akamimina risasi zote juu ya taulo, nzuri na zilizonyooshwa, akazichanganya kwa viganja ili pasiwe na upendeleo, akazigawa kasha kwa kasha mpaka yakalingana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayechinja ng'ombe wa maziwa. Dereva akaja, akayachukua.

Kesho yake mchana, siku moja kabla ya shindano, Ammu Tayyib alikuwa amepika ful, maharage yake ya Kisudani, yenye mafuta ya ufuta na vitunguu, akaweka sinia kubwa sakafuni kwenye chumba cha chai na mikate ya moto pembeni. Tukachungulia mlangoni. Akapunga mkono. "Ya Berbetua! Taalu, taalu, nakul sawa!" Mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Perpetua alibaki amesimama. "Umesema nini, Ammu?" Mzee akarudia, akidhani hakusikia vizuri: njooni, tule sawa. "Sawa ni nini?" Ammu Tayyib akacheka, akainua vidole vitatu vilivyoachana, kimoja akasema ni yeye, kimoja Perpetua, kimoja mimi, kisha akavikusanya vikagusana. "Sawa," akasema. Pamoja.

Abu Nasir alitaka makasha mawili yaje pamoja, kwa safari moja. Basi.

Perpetua aliketi kwenye sinia kwa adabu, akamega mkate, akaushika tu. Ammu Tayyib alimuuliza kama chakula kina chumvi nyingi. Tuliporudi chumbani nilimwambia lile lililokuwa ulimini mwangu, na nililisema kwa mapenzi: "Dada, nyamaza. Geji yenyewe haiwezi kuziona. Yule binti akikosa, watasema upepo. Watasema alilala vibaya. Nani atajua?" Alikuwa anapangusa kioo cha meza, ambacho hakikuwa na vumbi. "Mimi nimejua," akasema. "Ama mimi si mtu?" Nikamkumbusha mkataba. Akasema anaukumbuka vizuri, asante, ni mkataba wake. Akampigia Abu Nasir tena na tena mchana ule, simu ikaita mpaka ikachoka. Basi akaniambia, "Kesho tutaenda na basi la wafanyakazi. Upige nguo pasi."

Lusail asubuhi ile ilikuwa na upepo mkavu na vumbi jembamba. Tulimkuta Abu Nasir kwenye hema la watazamaji, pamoja na wazee wenzake, vikombe vya kahawa mikononi, Nura amesimama karibu nao tayari na koti lake gumu la kulengea. Nimemwona Perpetua akijisifu mbele ya watu, akibishana, akiimba. Sikuwahi kumwona akitembea kama alivyotembea kuvuka lile zulia, mabega nyuma, nguo ya kazi imenyooka kila mshono. Hakumvuta mzee pembeni. "Baba, ana ghalat," akasema kwa sauti yake ile ile, mimi nimekosea. "Wewe ulisema sawa, mimi nikafahamu sawa." Akaeleza kwa Kiarabu chake kilichokatikakatika, akionyesha kwa viganja jinsi alivyochanganya. Wazee walianza kucheka, maana kisa chenyewe kinachekesha, na Abu Nasir naye alitabasamu. Kisha Nura, aliyeielewa kazi yetu kuliko wote pale, akauliza swali moja tu: zipi ni zipi? "Haijulikani," akasema Perpetua. "Hata mimi sijui. Kwa geji zote zimenyoka, lakini nyingine shingo zimelegea. Usizipige leo, binti yangu. Hata moja." Kicheko kikafa. Abu Nasir akaweka kikombe chini, akamwambia kwa upole mkubwa sana kwamba anashukuru. Mimi nilijua upole ule una maana gani.

Nura alikwenda kwenye gari lake akarudi na pakiti za dukani, za kila siku, ambazo alizoea kuzipiga kabla hajaanza kutumia zetu. Alipiga chache za kujaribia, akageuza vitufe vya darubini yake, akatulia. Sisi tulisimama nyuma ya kamba, mahali pa wafanyakazi, palipokuwa na skrini ndogo inayoonyesha kila tundu kwenye karatasi. La kwanza lilitua pembeni kidogo. La pili likaingia katikati. La tatu likaingia karibu juu ya la pili, na hapo ndipo Perpetua alipopiga vigelegele.

Si vidogo. Vigelegele vya harusini kabisa, ulimi mzima, mpaka msimamizi mmoja akaja mbio na kidole mdomoni, maana pale watu hunong'ona. Perpetua akaomba radhi, akajifunika mdomo kwa kiganja. Binti akapiga tena, katikati, na kiganja hakikutosha. Nilitazama skrini, nikamtazama yeye, nikamwona Abu Nasir kule hemani ameegemea kiti akitazama matundu yale na zile pakiti za dukani, akielewa kilekile nilichokuwa ninaelewa mimi. Kila risasi ya dukani iliyoingia pale katikati ilikuwa inamjibu swali lake. Chumba chetu hakikuhitajika tena. Nilimvuta Perpetua mkono wa nguo. Machozi yalikuwa yameanza kunitoka, nami sikuyajali. "Dada," nikamwambia, "unajua unashangilia nini?"

"Najua," akasema, macho yake yako kwa Nura, meno yote nje. "Msichana amepita. Piga na wewe."

Nikapiga.